Bastola Nje ya Shati

Mume wangu ananunua ng'ombe kwenye minada ya Simiyu na kuwauza Mwanza. Ni kazi ya kutembea na fedha mfukoni, na kila mwizi anajua hivyo. Aliomba leseni ya bastola, akazungushwa ofisi nyingi, mwishowe akaipata. Aliivaa chini ya shati, na juu ya shati koti. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe kuna siku nilisahau.

Kisha wakamvamia barabara ya Lamadi, mchana kweupe, alipokuwa amesimama kuziba pancha ya pikipiki. Walikuwa vijana wenye mapanga. Alipeleka mkono kiunoni, koti likakwama na shati likakwama. Wakampiga kwa ubapa wa panga mpaka mfupa wa bega ukavunjika. Lori lilipotokea wakakimbia na fedha. Bastola waliiacha pale pale kiunoni mwake, kwa sababu hawakujua kama ipo.

Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko maumivu. Alipolazwa hospitalini aliniambia hayo hayo tangu asubuhi hadi muda wa kuona wagonjwa kwisha. "Wangeiona wasingenisogelea. Nilikuwa nayo, mke wangu. Nilikuwa nayo!"

Alipotoka, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni, hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa fundi viatu wa hapa Somanda, akamwagiza ala ya ngozi ya ng'ombe yenye kitanzi cha mkanda. Tangu siku ile bastola ikatoka nje ya shati.

Nina duka dogo la vitenge na sare za shule. Nilianza kuona mabadiliko kabla yake. Alipoingia, wateja walikumbuka kuwa wana haraka. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanamtania kuhusu tumbo lake wakaanza kumpa shikamoo. Hata mwanaume mmoja aliyemzidi umri alimwamkia shikamoo, na mume wangu akaitikia marahaba! Nilikasirika. Kanisani benchi letu likawa na nafasi.

Na mimi sikutulia. Akiinama kufunga kamba za viatu, nilishtuka. Mjukuu wetu, mtoto wa mwanetu wa kwanza, akimpandia mapajani, nilimwita mtoto aje achukue biskuti ambazo sikuwa nazo. Nilijikuta namtazama mume wangu kiunoni kwanza, usoni baadaye.

Mtu pekee aliyeweza kumwambia neno ni kaka yake anayeishi Bukundi. Huyu ni mfugaji na mkulima, na ana bunduki yake ya leseni ya siku nyingi, ile ndefu ya kufukuzia fisi na kutishia tembo wanaoingia mashambani. Kijijini kwake anatembea nayo begani kama wengine wanavyotembea na jembe. Alikuja kwetu kwa sababu binti yetu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkula, na siku ya kupokea ng'ombe wa mahari ilikuwa imefika. Bunduki yake alikuwa ameifungia kwenye sanduku huko huko Bukundi.

Asubuhi hiyo walikuwa wanachuna mbuzi nyuma ya nyumba, mimi nachambua mchele karibu nao.

"Mdogo wangu," shemeji alisema, "leo kitu hicho kiache ndani. Tunapokea wakwe."

"Kaka, wewe yako unakwenda nayo mpaka kisimani."

"Kisimani nakutana na fisi. Hapa unakutana na nani?"

"Hapa nakutana na watu. Fisi hajawahi kunivunja mfupa."

Shemeji akafuta kisu kwenye majani. "Fisi haijui bunduki. Mtu anaijua. Akiiona, anarudi kwao kujipanga. Wakija safari nyingine watakuja na ya kwao, na wataanza na wewe kabla hujawauliza habari."

"Kwa hiyo niifiche nipigwe tena?"

"Sijasema hivyo."

"Basi umesema nini, kaka?"

Wote wawili walikuwa na sababu, na ndiyo maana mchele ule niliuchambua vibaya, tukala na vijiwe.

Wageni wakafika adhuhuri, na vijana wao wakiswaga ng'ombe nyuma. Mbele alikuwepo baba wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa, pamoja na dada yake, mama mnene mwenye sauti, aliyekuja na kikapu cha samaki sato wakavu. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, hadi mzee alipofika chini ya turubai na kuona kiuno cha mume wangu. Akasimama.

"Tumekuja kuleta ng'ombe," alisema taratibu, "au tumekuja kutoa maelezo kituoni?"

Dada yake akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Karibuni, mzee. Msihofu, nina leseni," mume wangu alisema.

"Hata mimi ninayo."

Hatukulijua hilo. Mzee akaeleza kuwa ana bunduki kwao Mkula, kwa ajili ya mifugo, na ana miaka mingi nayo kuliko ndoa ya mwanawe mkubwa. "Umeiona?" akauliza. "Basi hata majirani zangu wengi hawajaiona. Siku watakayoiona wajue kuna mambo."

"Wewe hukuvunjwa bega," mume wangu akasema, na sauti yake ikapanda. "Ukifichiwa dawa huponi. Silaha isiyoonekana inazuia nini?"

"Na inayoonekana inaita nini?"

Shemeji akaingia kati akiwaomba wakae. Lakini sasa walikuwa watatu wenye bunduki wamesimama, kila mmoja na sheria yake, na wasio na bunduki tumekaa chakula kikipoa. Mimi nikaenda jikoni nje, nikainua sufuria ya mchuzi ili nipate kitu cha kushika.

Ndipo dume mmoja wa wale ng'ombe wa mahari, mweusi mwenye baka jeupe, akakata kamba. Labda ni turubai lililopigwa na upepo, labda ni kelele zetu. Alikuja moja kwa moja upande wa jikoni. Wanawake wakatawanyika wakipiga yowe. Mimi nilikuwa na sufuria ya moto mikononi na ukuta mgongoni, sikuwa na pa kwenda.

Nikamwona mume wangu ameichomoa. Safari hii hakuna kilichokwama. Dume alikuwa kati yetu, lakini dume hatulii. Kila alipotikisa kichwa nilikuwa naona tundu la bastola, dogo, jeusi, na nyuma yake jicho la mume wangu. Karibu watu wote wa pande zote mbili walikuwa wamelala chini kifudifudi, na nguo zao za sherehe.

"Leka!" mzee wa Mkula alipiga kelele. "Leka! Acha! Mkeo yuko nyuma!"

Sijui kama alisikia. Aliyemaliza mambo ni dada wa mzee. Alikuwa karibu na beseni la maji ya vyombo. Akalibeba lote na kumwagia dume usoni, akampiga puani kwa kikapu kile cha sato huku akimtukana kwa Kisukuma. Dume akapiga chafya, akageuka, vijana wakamdaka pembe.

Nikaweka sufuria chini. Mume wangu alikuwa anajaribu kuirudisha bastola kwenye ala, haiingii. Alijaribu tena, haiingii. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyetaka kumsogelea. Mwishowe akaenda nayo ndani, nami nikamfuata.

Aliifungia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, akakaa juu ya kitanda.

"Nilikuona," alisema.

"Na mimi nilikuona."

"Nisingepiga."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, nilidhani atamwambia, "Nilikwambia." Alisema tu, "Wageni wanauliza maji ya kunawa."

Tulikula. Mzee wa Mkula alikula vizuri, akasifu mchuzi, akasema ng'ombe ni hao, hata yule mwendawazimu, na mtoto wetu wanamchukua. Neno la bunduki hakulirudia. Wakati wa kuaga alimshika mume wangu mkono kwa muda mrefu na kumwambia kitu sikioni. Nilimuuliza baadaye ni kitu gani. Alisema ni pole ya bega.

Binti yetu ameolewa, yuko Mkula, ana mtoto. Mume wangu bado anakwenda minadani. Bastola imerudi chini ya shati, ila sasa amewaomba mafundi wamshonee mashati mapana yasiyokwama, na nyuma ya nyumba nimemkuta zaidi ya mara moja akifanya mazoezi ya kupandisha pindo kwa mkono wa kushoto na kuchomoa kwa wa kulia. Yeye na kaka yake bado wanabishana kwa simu. Kaka anasema heri hivyo. Yeye anasema siku moja watampiga tena kwa sababu anaificha kwa heshima ya watu wengine. Mzee wa Mkula huwa anapelekewa hoja za pande zote mbili aamue, naye anarudisha salamu tu.

Watu wamerudi dukani, benchi kanisani limejaa. Ningepaswa kutulia. Lakini bastola ilipokuwa nje nilijua iko wapi. Sasa nikiwa sokoni, au msibani, au kwenye foleni ya benki, macho yangu yanashuka kwenye mapindo ya mashati ya wanaume. Yule koti limevimba upande mmoja, yule anajishika kiuno mara kwa mara. Labda ni simu. Labda ni mgongo unamuuma. Wiki iliyopita mteja aliinama kuokota kitenge kilichoanguka, nami nikarudi nyuma hadi kwenye rafu, akaniuliza, "Vipi mama, umeona nyoka?"

Nikamwambia hapana, chagua tu, hicho cha bluu kinakupendeza.