Ukoko Mweupe wa Sufuria

Nakiri sasa kuwa kisima cha mama kule Munje, pwani, kimeingiwa na maji ya bahari. Kwa muda mrefu nilibisha. Mama aliposema maji yamekuwa ya chumvi, nilimjibu kisomi kuwa hiyo ni chokaa ya mawe tu. Mchicha wake ulipoungua majani, nilisingizia jua. Mwishowe nilimwambia achemshe maji mpaka sufuria ikauke, kisha aloweke ukoko mweupe utakaobaki kwa maji ya mvua. Chokaa haiyeyuki, chumvi huyeyuka.

Jioni alinipigia simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ukoko nimeuloweka, mwanangu, na sufuria imetakata yenyewe. Chokaa yako imekwenda wapi?”

“Ni chumvi, mama,” nilikubali.

“Haya, msomi, chai ya kesho niipike kwa maji gani?”