Kompyuta Iliyotaka Kuamkiwa

Ofisini kwetu Kilwa Masoko tunaunda programu za kompyuta, na mimi ndiye ninayetunza faili la pamoja: maagizo madogomadogo ambayo programu zote huyaazima, badala ya kila moja kuandikiwa yake.

Hamisi, mfanyakazi mpya, hunisalimia "mambo" kana kwamba tulicheza pamoja utotoni. Nikaamua kumtia adabu. Kwenye agizo linaloandika "Kazi inaanza", nikaongeza kwamba kompyuta isiendelee mpaka iamkiwe. Nilijisifu sana. Kwamba agizo lile hutumiwa na kila mtu, mimi mtunzaji nilisahau.

Kesho yake mkurugenzi wetu, Bi Somoe, mwenye wajukuu, alikuwa akiwaonyesha wageni kazi zetu kwenye skrini kubwa. Akaandika amri. Kompyuta ikajibu: "Niamkie kwanza." Akarudia. "Niamkie kwanza." Akavaa miwani, akaandika shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

Wageni wakatazama sakafu.

"Nani kaandika hiki?" akauliza Bi Somoe.

"Faili la pamoja hulishika kaka Saidi peke yake, mama," alisema Hamisi, kwa adabu ileile niliyokuwa nikiitafuta.

Nikasimama. "Shikamoo, Bi Somoe."

Hakuitikia.