Mota Niliyosema Imekufa

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mume wangu akinisikia nikisema hivyo huwa ananuna. Ilikuwa siku ya soko la ng'ombe Sotik, miaka ya tisini, nami ni msichana wa miaka ishirini na mbili, grisi mpaka kwenye viwiko.

Mimi ni binti wa wachuma chai. Nilizaliwa kwenye nyumba za kambi ya estate, wazazi wangu wakiwa wametoka kule ziwani. Nilipomaliza kusomea ufundi, kila mwenye karakana aliniangalia mikono akacheka. Mzee Kiplalang' peke yake ndiye aliyenipa kazi. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, mwendo wa saa nzima kwa miguu kabla ya kufika Sotik. Ndani kulikuwa na mashine ya kutoboa chuma, ile ndefu ya kusimama, aliyoinunua wakati kiwanda fulani cha chai kilipokuwa kinauza vyuma vyake vya zamani. Ilinizidi umri. Lakini ilitoboa! Chuma kinene cha trela ya majani chai ilikipitia bila kutetemeka.

Basi asubuhi moja mota yake ikakataa. Ukiwasha inanguruma tu, haizunguki, halafu unasikia harufu ya kuungua. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale, wote wanaume, wananitazama. Mzee akaniuliza mbele yao, "Atieno, hii inatengenezeka ama tutafute ingine?"

Ningesema tu, ngoja niifungue. Neno dogo hivyo! Lakini nilitaka wale wanaume wajue kwamba nimesoma. Nikainama, nikanusa, nikajipangusa mikono kama daktari. "Koili imeungua, Mzee. Hii imekufa. Tafuta mpya."

Hakubisha. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba hakubisha hata kidogo. Kesho yake asubuhi akamfungua ng'ombe wake mmoja tu aliyekuwa na maziwa, akaanza kumpeleka sokoni ili apate ya kununulia mota. Mkewe alibaki amesimama langoni mwa boma lao, nyuma ya karakana, akimtazama ng'ombe akienda.

Mimi nikabaki karakana. Kwa desturi yetu, mota ikifa shaba yake ni ya fundi, kwa hiyo nikaifungua nitoe changu. Mwanangu, nilichokiona! Koili, zile nyaya za shaba zilizozungushwa ndani, zilikuwa safi, zinang'aa, hakuna hata waya mmoja mweusi. Ile swichi ndogo ya ndani, inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndiyo iliyokuwa imejaa unga wa chuma na grisi iliyoganda, na ile harufu ilikuwa ya grisi hiyo ikiungua. Nikaisugua kwa msasa, nikapuliza, nikafunga, nikawasha. Ikazunguka kama mpya.

Nikapiga kelele za furaha, halafu nikakumbuka. Ng'ombe!

Sitakudanganya, shetani alipita pale. Nilijiambia, nyamaza, mota mpya ije, nani atajua? Kisha nikamfikiria yule mama pale langoni. Nikanyakua baiskeli ya jirani bila hata kuomba, nikakanyaga mpaka kifua kikawaka moto.

Sokoni nikamkuta mnunuzi kutoka upande wa Kisii ameshashika kamba. Nikapaza sauti ningali mbali, "Mzee, usiuze! Mota ni nzima! Nilikosea!"

Watu wote wakageuka. Mzee akaniuliza polepole, "Jana uliifungua?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa ulijuaje imekufa?"

"Nilinusa."

Woi, soko lilicheka! Mtu mmoja akamuuliza Mzee kama kweli huyu ndiye fundi anayemtegemea. Machozi yakanilengalenga. Nilijua kazi imeisha, narudi kambini kuchuma chai.

Mzee akaichukua kamba mkononi mwa yule mnunuzi. "Ng'ombe hauzwi," akasema. "Fundi wangu amesema mota ni nzima."

Fundi wangu! Mbele ya soko zima, na mimi nimetoka kujiaibisha! Njiani ndipo aliponirudi. "Ningeuza maziwa ya watoto wangu kwa sababu ya pua yako," akaniambia. "Usirudie."

Sikurudia. Mota ile iliendelea kufanya kazi mpaka nikafungua karakana yangu mwenyewe, na leo mashine ikikwama, iwe Soin ama Kapsoit, mimi ndiye ninayeitwa. Najivunia hilo, sifichi. Lakini ninachojivunia zaidi ni kelele nilizopiga siku ile sokoni.

Basi, mwanangu, unapoanza kazi hii, nakuagiza hivi. Mtu akikuuliza kama kitu chake kitengenezwe au kinunuliwe kingine, kifungue kwanza, ndipo umjibu. Kama hujakifungua, sema hujui; hutapungukiwa na chochote. Kuna siku utakuta kweli kimeisha, na hilo nalo umwambie bila kuogopa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, mfuate mwenye kitu siku hiyo hiyo umwambie, hata kama watu wanasikia, hata kama watacheka.

Mungu akupe mikono mitulivu. Akupe mkubwa wa kukurudi bila kukutupa. Na akujalie uitwe fundi na mtu aliyekuona ukikosea.