Mbegu za Kibuyu cha Mama

Leo mkamwana wangu amechemsha boga pamoja na mbegu zake, na harufu imenitoa nje.

Mwaka ule wa njaa, Mzungu mmoja alichimba korongoni karibu na Mogitu, akitafuta mbegu za kale zilizogeuka jiwe. Aliyeleta moja alipewa kibaba cha unga. Nilitafuta siku tatu, nikakosa. Ndipo nikaiba mbegu za maboga ambazo mama alizitunza kwenye kibuyu kwa ajili ya kupanda, nikazichemsha kwenye tope jeusi mpaka zikafanana na mawe.

Nilipozipeleka, msaidizi wa Mzungu aligeuza moja. "Kovu la mahali iliposhikamana na tunda lipo. Ganda lipo." Akaipasua kwa kisu, akanusa. "Lakini jiwe gani lina kiini laini? Bwana, huyu katuletea mboga!"

Wakacheka, wakanirudishia. Niliziosha, nikazikausha, nikazirudisha kibuyuni.

Mvua iliponyesha, mama alinipa jembe.

"Chimba, baba. Mwaka huu tutakula."

Alikuwa na njaa, lakini hakutafuna hata mbegu moja. Aliweka mbili kila shimo. Nilichimba mpaka kibuyu kikaisha, na sikusema kwamba nilikuwa nimezichemsha.