Mpilipili wa Mpakani

Niliporudi Mukuyuni kutoka ng'ambo na diploma yangu ya ujenzi, sikuwa na mwenzangu kijiji kizima. Nyumba ya mawe niliichora mwenyewe, nikaisimamia mwenyewe, na bati lake lilionekana kutoka sokoni. Hata bustani ya jikoni niliipima kwa kamba. Kitu kimoja tu hakikufuata kamba yangu: mpilipili wa zile pilipili kichaa ndogo, ulioota kwenye safu ya mkonge kati ya shamba letu na la baba mdogo, ndugu ya marehemu baba. Hakuna aliyeupanda. Ndege walitua pale, wakaacha mbegu.

Niliufanya wangu. Niliutilia samadi ya mbuzi na maji yaliyooshewa vyombo, na kiangazi kile, mboga za wenzangu zilipokauka, wangu ulinifika kifuani, umewiva mwekundu. Wanawake walitoka mbali kuja kuomba. Mama aliwachumia, akaziweka juu ya jiwe, nao wakaziokota. Kwetu pilipili haipokewi mkono kwa mkono. Anayeipokea hivyo anataka ugomvi.

Wakati huo wapimaji wa mashamba walikuwa wamefika kijiji jirani. Kigingi kikishapigwa, mpaka ndio huo.

Jioni moja baba mdogo alinikuta nikichuma.

"Bwana Diploma," aliniita, "huko kwa wazungu walikufundisha kumwagilia mti wa mwenyewe?"

"Mwenyewe ndiye huyu anayemwagilia, baba mdogo."

"Huo ulipandwa na ndege. Na ndege alikuwa ametoka kula kwangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilipoinama kumwekea chache juu ya jiwe, alinishika mkono, akanikunjua vidole polepole, akazichukua kiganjani mwangu huku akinitazama machoni.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko. "Shemeji! Jiwe si hilo hapo?"

"Nimeliona," alisema, akaenda zake.

Usiku huo mama hakula.

Siku moja kabla ya wapimaji kufika kwetu, upepo ulivuma kutoka kwa baba mdogo, nasi tukaanza kukohoa. Macho yalituwasha hata hatukuonana. Nyoka akiingia nyumbani, watu wa kwetu huchoma pilipili kwenye makaa ili atoke. Harufu ilikuwa ile ile.

"Amechoma zile ulizompa," mama alisema.

"Sikumpa. Alichukua."

"Twende nje, mwanangu."

"Anayetoka ni nyoka, mama. Mimi sitoki."

Nikaketi kwenye kiti changu, machozi yakinitiririka, mpaka moshi ukaisha.

Kesho yake nilivaa suti. Niliongea na wapimaji kama watu wa kazi moja, hata mnyororo wao wa kupimia nikawashikia upande mmoja. Kigingi kilipigwa ng'ambo ya mpilipili, ukabaki kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, lakini baba mdogo alitazama kigingi kikizama, akanitazama mimi, akaondoka. Ni afadhali angetukana.

Mpilipili uliendelea kuzaa hadi matawi yakainama. Mama hakuugusa tena; pilipili alinunua sokoni. Na kila upepo ulipogeuka na kutoka upande ule, aliacha alichokuwa akifanya, akainua uso na kunusa, kisha akazunguka nyumba yangu ya mawe akifunga madirisha.