Ng'ombe Waliokunywa Maji ya Daraja

Mimi si mtu wa subira, na anayebisha akawaulize walionisimamia kazi. Nilikuwa fundi wa zege kwenye daraja la barabara inayopita juu ya mbuga, njia ya Nkololo. Tukishamwaga sakafu ya daraja, kazi yangu ilikuwa moja: kuilowanisha siku saba. Zege jipya likikaushwa na jua linasinyaa, likisinyaa linapasuka. Kwa hiyo tulizungushia matuta ya udongo tukajaza maji, juu kule pakawa kama jaruba la mpunga. Asubuhi najaza kwa pampu toka chini, saa kumi napanda kutazama, naandika: "Maji yapo."

Siku ya tano nyufa zikaonekana, nyembamba lakini nyingi. Mhandisi alipiga magoti akazipima. Akashuka kukagua kama kuna mtu ametoa mapema nguzo za mbao zinazoibeba sakafu, akakagua na ule udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa unavimba na kupasua hadi nyumba za watu. Kote sawa. Akasema kwa upole unaotisha, "Kesho asubuhi nataka chanzo. Na aliyesababisha anaondoka."

Saa saba mchana nikapanda mwenyewe. Weee! Ng'ombe kama ishirini wamepandia tuta la barabara upande wa kijijini, wamesimama juu ya daraja, midomo ndani ya maji yangu. Nyuma yao mlinzi wetu, mzee wa hapo hapo kijijini, fimbo begani.

"Mzee! Unanifanyia nini?"

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwanza kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, hana haraka. "Mto umekauka, nyie mmepandisha maji juu. Nikasema, safari hii wametukumbuka."

"Tangu lini?"

"Siku ya pili. Si nilikwambia ng'ombe wanayapenda?"

Kweli aliniambia. Nilicheka tu, nikaona ni maongezi ya wafugaji. Na kupanda saa kumi? Nilipanda siku ya kwanza. Siku nyingine zote niliandika "Maji yapo" nikiwa kivulini, natafuna muhogo wa kuchoma, maana jua lilikuwa kali na ngazi ndefu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kumtupia mzee lawama ilikuwa rahisi mno. Mimi nina mdomo, yeye hana hata barua ya ajira. Usiku huo sikulala vizuri.

Asubuhi nikamwambia mhandisi, "Chanzo ni mimi. Nimeandika maji yapo bila kupanda."

Mzee akadakia kwa hasira, "Usimsikilize! Wamekunywa ng'ombe wangu! Huyu mayu maji yote yale angeyamaliza peke yake?"

Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akaniambia nikafungashe.

Mzee alibaki na kazi yake. Ndiye aliyenifungia begi kwenye bodaboda, bado ananibishia kwamba kosa ni la ng'ombe. Nililia mpaka Bariadi.