Kijiji Kiitwacho Mengineyo

Habari ililetwa na Maua, kama habari nyingi za upande ule wa Itetemia. Alikuja na ndoo tupu mkononi. Maua alipokwenda kisimani, maji yalikuwa sababu ya pili.

"Mama Ima, umesikia? Silasi wa ofisini kapagawa."

"Silasi yupi? Huyu jirani yetu?"

"Huyuhuyu wa suruali ya pasi! Jana kaonekana sokoni anaokota vikaratasi vya karanga. Anaokota, anakunjua, anasoma, anatia mfukoni. Kimoja kamnyang'anya mzee Omari mkononi, na karanga hazijaisha. Watu wanasema karogwa na huko vijijini, maana ofisini kwao ndiko walikoandika nani ahamie wapi."

Benedikta alitaka kucheka, kisha akakumbuka. Sokoni pale aliyefungia karanga kwenye karatasi nene za mistari myekundu alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyo aliyesimama mlangoni, mtoto Imakulata mgongoni, vidole vingali na chumvi.

Karatasi zile alipewa na Silasi mwenyewe. Miaka miwili nyuma, Imakulata alipozaliwa, Silasi alikuja kumpa hongera akiwa amebeba daftari kubwa lenye jalada la ngozi, zito kama tofali. "Chukua, Mama Imakulata," alisema. "Haya ni mambo ya mkoloni, yamekwisha. Karatasi nene, hazipitishi mafuta." Benedikta alishukuru sana. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, angeweza kulisoma japo ukurasa mmoja, lakini akili yake yote iliishia kupima ukurasa mmoja unatoa vikaratasi vingapi. Vilitoka vinane.

Silasi alikuwa mtunza nyaraka wa ofisi moja ya serikali pale mjini. Majalada yaliyochoka kutumika yalipelekwa kwenye ghala lake, nyuma ya karakana, nayo yakakaa humo. Masjala, chumba ambamo kila barua mpya hupewa namba na kutiwa kwenye jalada lake, hakukipenda hata kidogo. Alikuwa akisema, "Masjala ni jikoni, mimi niko sebuleni. Wao wanagonga mihuri, mimi natunza historia ya taifa." Akisema hivyo hunyoosha kola, na Benedikta, ambaye hakuwa na sebule, humwitikia kwa heshima zote.

Jumanne hiyo ya habari ya Maua, baba yake Benedikta, mzee Damas, alikuwa uani akichonga kizibo cha mzinga. Alikuwa ameshuka garimoshi la kutoka Igalula siku ya Jumapili. Nyumbani kwao zamani palikuwa Mabisilo, kitongoji cha ndani porini. Mwaka uliopita, wakati wa operesheni ya vijiji vya Ujamaa, watu wote walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba walizibomoa, mbuzi waliwaswaga, lakini mizinga ya nyuki walikuwa wameitundika tangu miongo mingi nyuma, na nyuki hawakuitwa kwenye mkutano. Walibaki kulekule. Sasa Bwana Misitu alikuwa amesema kwamba msitu ule umefungwa, na mwenye mizinga asiye na karatasi ya ruhusa ataishusha Ijumaa. Damas alikuwa na mizinga arobaini na mmoja. Ruhusa waliipata kabla ya Uhuru, Damas akaitia kidole gumba kwa mkono wake, lakini nakala yao mchwa walishaila kijijini. Nyingine ilibaki ofisini. Jumatatu alikwenda kumwomba Silasi.

"Alinipokea vizuri," Damas alikuwa akisema. "Akaniambia, 'Shikamoo mzee, kaa hapo, dakika kumi.' Nikakaa mpaka adhuhuri. Akatoka ana vumbi kama aliyetoka kusaga mtama, akaniambia nije kesho. Leo nimekwenda, simwoni."

Alasiri Silasi akaja mwenyewe. Suruali ilikuwa na pasi bado, lakini magotini ilikuwa nyekundu kwa udongo wa sokoni.

"Hodi. Shikamoo, mzee Damas."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata?"

Silasi alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa bila kukaribishwa. "Mzee, nisikilize, halafu unitukane kwa Kinyamwezi, nitaelewa tu." Akamgeukia Benedikta. "Mama Imakulata, unajua ghala nililikutaje? Majalada kwa namba. Kumi na nne sehemu ya tatu, kumi na nne sehemu ya nne. Nikasema, mwananchi gani anaijua kumi na nne? Mwananchi anakijua kijiji chake. Nikayafungua yote. Kila barua nikaichomoa, nikaitia kwenye bunda la kijiji chake. Miezi minane! Nilijiona nimeleta Ujamaa ghalani."

"Si jambo jema hilo?" Benedikta aliuliza.

"Lilikuwa jema mpaka Serikali ilipovihamisha vijiji." Silasi alicheka kicheko kikavu. "Nimepanga makaratasi kwa vijiji, vijiji vyenyewe vimeondoka! Huku watu wa mabunda matatu wako kijiji kimoja, kule bunda moja limegawiwa vijiji vitano. Na barua zisizotaja kijiji nilizitia kwenye gunia nikaandika Mengineyo. Unajua Mengineyo ina magunia mangapi? Tisa. Hakuna kijiji kikubwa kama hicho Tabora nzima, na mwenyekiti wake ni mimi."

Damas aliacha kuchonga. "Na barua yangu?"

"Yako haikutaja Mabisilo, mzee. Nimepekua bunda la Mabisilo mara tatu. Jana kijana wa masjala, yule niliyemwita mpishi, kaniuliza neno moja tu: 'Bwana Silasi, daftari la masjala linasemaje?' Nikamuuliza daftari gani. Akasema kila barua ikiingia huandikwa daftarini: inahusu nini, imetiwa jalada lipi, ni barua ya ngapi. Na namba hiyohiyo huandikwa pembeni mwa barua yenyewe. Miaka yote naziona zile namba pembeni, nilidhani ni makarani wanajisikia."

Benedikta aliushika mwimo wa mlango. "La ngozi?"

"La ngozi."

Imakulata alikohoa mgongoni. Benedikta aliingia ndani, akavuta debe kutoka mvunguni, akarudi nalo akitazama chini. Alikuwa amefungia karanga msitu wa baba yake, na siku nyingine aliongeza kidogo juu kwa wateja wazuri.

Walizitandaza kurasa zilizobaki juu ya mkeka. Elimu, hospitali, madaraja, mbwa wenye kichaa. Misitu haikuwamo. Silasi akatoa vikaratasi vya mfukoni, vimelowa mafuta, akavipanga kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Navyo vilikuwa vya barabara.

Maua alikuwa amesimama uani na ndoo yake, safari hii ina maji. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. "Mama Ima," alisema, "si kuna zile nzima ulizonipa wakati wa Idi, nikabandika ukutani?"

Wote wanne waliongozana mpaka kwa Maua. Kurasa nne zilikuwa zimebandikwa kwa uji wa muhogo nyuma ya kitanda, pale ukuta ulipopasuka. Silasi akapiga magoti, akaweka pua ukutani.

"Bwana Silasi," alisema Maua, mikono kiunoni, "mume wangu akirudi akakukuta umepiga magoti chumbani kwangu, hiyo nayo utaitia jalada gani?"

"Mengineyo," alijibu Silasi bila kugeuka. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. "Mama Imakulata, nisomee wewe, macho yangu siyaamini."

Benedikta aliinama. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na haraka. "Mizinga ya nyuki, watu wa Kapela, Mabisilo. Kumi na nne sehemu ya tatu. Barua ya ishirini na saba."

"Kapela ni jumbe wetu wa zamani!" alisema Damas.

"Basi barua ilitaja Kapela, mimi nikatafuta Mabisilo. Aliyeandika daftari alijua vyote viwili." Silasi alifuta pua iliyoshika vumbi la ukuta. "Na mimi nikampa mtu akafungie karanga."

Jumatano asubuhi Silasi, Benedikta na Damas waliingia ghalani, Imakulata akiwa wa nne. Hawakusoma barua hata moja. Walitazama pembe tu. Kwa siku nzima Benedikta alipindua karatasi akitafuta kumi na nne sehemu ya tatu, na kila alipoipata namba kumi na nne yoyote alimpa Silasi, naye akaiweka upande. Kufika jioni majalada yaliyofumuliwa kwa miezi minane yalikuwa yameanza kujikusanya yenyewe sakafuni, kama ndugu wanaotambuana msibani. Silasi aliyatazama, akasema polepole, "Kumbe yalikuwa yanajua kwao. Ni mimi niliyeyahamisha."

Barua ya ishirini na saba ilitoka kwenye gunia la sita, Alhamisi kabla ya saa sita. Damas hakujua kusoma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani, akatafuta chini kabisa. Kulikuwa na alama ya kidole gumba, na kando yake doa la kahawia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Hii ni asali. Nilitoka kurina siku hiyo, bwana akanigombeza kwa kumchafulia karatasi."

Silasi hakumpa aondoke nayo. Masjala walimpigia nakala kwa taipu, wakaigonga muhuri, na yeye Silasi alisimama foleni dirishani kwao kama wananchi wengine. Ijumaa Bwana Misitu aliisoma mara mbili, akauliza nani aliyeitunza vizuri namna hii. Damas, alivyokuja kusimulia, alimjibu kuwa ni jirani wa binti yake, na hakuongeza neno. Mizinga ilibaki juu.

Jumapili, baada ya ibada, Silasi alibisha hodi tena. Kwapani alikuwa na daftari jipya, mistari yake bluu, na Benedikta alipoliona aliruka kidogo.

"Usiogope, hili si la karanga. Nimehamisha humu kila nilichookota, na kurasa zako za debe, na za ukuta wa Maua. Kijana wa masjala ananifundisha. Ananipa kazi za nyumbani, na mimi nina mvi." Alilifungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mtupu. "Atakayekuja baada yangu ataona karatasi zimetobolewa matundu ya kamba mara mbili, kurasa hazipo, atachanganyikiwa. Inabidi aambiwe ni nini kilitokea. Nimejaribu mara tatu. Kila nikiandika, najikuta nimesema 'kwa sababu zisizozuilika.'"

Alimpa kalamu, akamchukua Imakulata mikononi mwake.

"Niandikie wewe, Mama Imakulata. Mimi nitapunguza. Andika jina langu lote, na magunia tisa, na karanga."